Breka ya Kulinda Waya na Kumlinda Mtu



Mwenzetu mmoja ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa hapa ili sote tufaidike. Anaye nduguye aliyehamia Kabungu, upande wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, na huko anajenga nyumba na kutia umeme. Dukani ameonyeshwa breka za namna nyingi, naye muuzaji amemshauri achukue iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa hiyo haizimi ovyo. Je, alishike shauri hilo? Twasema asilishike, na sababu zake zatuhusu sisi wa visiwani kama zimhusuvyo yeye aliye bara.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba umeme una hatari mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni mkondo kuzidi uwezo wa waya. Vyombo vimekuwa vingi katika njia moja, au nyaya mbili zimegusana, na waya hupata moto hata ukaunguza nyumba. Hatari ya pili ni mkondo kuvuja. Waya umechubuka ndani ya friji au pampu, umeme umeingia katika bati la chombo, na mtu akiligusa umeme humpitia yeye kwenda ardhini.

Fyuzi na breka ya kawaida huiona ile hatari ya kwanza tu. Breka ya ampia 16 hupitisha miliampia 16,000 bila kustuka, na hali miliampia zipitazo 30, zikimpitia mtu kwa kitambo, zaweza kumwua. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia miliampia 260 hivi. Basi mtu aweza kufa katika nyumba ambayo breka zake zote ni nzima, na breka zisijue habari.

Kiko chombo kimoja kinachozilinda pande zote mbili. Kimeandikwa herufi RCBO, na kwa umbo chafanana na breka ya kawaida, ila kina kidude cha kubonyeza chenye herufi T. Chombo kilichoandikwa RCCB ni kingine: hicho hukata umeme unaovuja tu, nacho hapana budi kiwekwe pamoja na breka za kawaida.

Kazi yake ni kama ya karani anayehesabu magunia ya karafuu yanapotoka shambani na tena yanapofika kituoni. Hesabu zikilingana, mambo ni salama. Zikipungua, liko gunia lililopotea njiani. Umeme hutoka kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro, na chombo hiki hupima yote mawili. Kikiona tofauti ya miliampia 30 hukata kwa muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Tofauti ikifika miliampia 150 hukata kwa muda usiozidi sehemu nne za mia.

Wako wasemao kwamba chuma cha ethi kilichozikwa ardhini chatosha. Natupige hesabu. Kabungu kiangazi ni kirefu, tangu Mei hadi Oktoba hivi, na udongo mkavu hauupitishi umeme vizuri. Tuseme njia ya ethi imefika omu 100. Volti 230 ukizigawanya kwa 100 wapata ampia 2.3. Breka ya ampia 16 haitastuka kwa ampia mbili na ushei, na bati la friji litabaki na umeme mchana kutwa. Lakini ampia 2.3 ni miliampia 2,300, na chombo cha miliampia 30 kitakata mara moja. Kwetu udongo una unyevu zaidi, lakini hewa ya chumvi huvila viungo vya ethi, na waya uliokatika ardhini hauonekani. Basi ethi ni ya lazima, ila isiachwe peke yake.

Sasa tuje katika kuchagua. Mambo ya kutazama ni haya:

Kwanza, ampia. Breka hufuata waya, haifuati tamaa ya mwenye nyumba. Kwa kawaida waya wa milimita 1.5 wa taa hupewa ampia 6 au 10. Waya wa 2.5 wa soketi, ampia 16 au 20. Na waya wa 6 wa jiko, ampia 32. Waya ukipita mahali pa joto, kama darini chini ya bati, fundi apunguze. Ukitia breka ya ampia 63 katika waya wa 2.5, waya utaungua kabla ya breka kuzima. Hiyo ndiyo maana ya ile "haizimi ovyo."

Pili, miliampia. Kwa kuwalinda watu chagua 30. Zile za 100 na 300 ni za kuzuia moto, hazimlindi mtu.

Tatu, herufi iliyo mbele ya ampia. B hukata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kipimo chake. C mara 5 hadi 10. D mara 10 hadi 20. Taa na soketi za nyumbani zatosheka na B. Pampu ya maji inayotumia ampia 6 yaweza kuvuta ampia 36 inapoanza. B10 yaweza kuzima hapo, bali C10 itastahimili. Mashine ya kusaga yenye nyaya tatu za moto yataka chombo chake chenye nguzo nne, nayo ipimwe na fundi.

Nne, aina ya mvujo. Aina AC huona mkondo wa kawaida tu. Vyombo vya siku hizi, kama mashine za kufulia na taa za LED, vina vipande vya elektroniki vinavyoweza kuipumbaza. Kwa hiyo chagua aina A. Mwenye mitambo ya jua amwulize fundi kama yahitajika aina B.

Tano, tazama namba ya kanuni, IEC 61009, na uwezo wa kukata, ambao kwa nyumba nyingi ni 6000. Mahali penye kutegemea ethi ya nyumba yenyewe, chagua kinachokata waya wa moto na wa nyutro pamoja.

Bei ya RCBO ni kubwa kuliko ya breka tupu. Asiyeweza kuziweka kote aanze na njia za soketi, pampu, bafu na nyaya za nje. Wengi wetu, msimu ukifika, huvuta waya na taa hadi uani ili kuchambua karafuu usiku, na watoto hupita hapo na miguu yenye maji. Njia hiyo isikose chombo hiki.

Fundi aangalie kwamba nyutro ya kila njia yarudi katika chombo chake yenyewe. Zikichanganywa, vitazima bila sababu. Nawe bonyeza kidude cha T kila mwezi. Kisipozima, kibadilishwe. Tena ujue kwamba hakimwokoi aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa maana hapo hesabu ya karani haipungui.

Mwisho, chombo kikizima usikilaumu wala usikifunge kwa waya. Chomoa vyombo vyote, kisha urudishe kimoja kimoja hata ukione kinachovuja. Breka inayozima yatoa habari, na habari hiyo ni afadhali itolewe na breka kuliko na jirani aliyekuja mbio kutwambia kwamba mtoto ameanguka kando ya pampu. Mwenzetu na amwandikie nduguye Kabungu maneno hayo kabla hajarudi dukani.