Swali Moja, Misimu Mitano

Wapenzi wa tamthilia za Marekani wana hukumu moja inayosikika vijiweni na kwa vinyozi, Dar es Salaam hadi Nairobi: msimu wa kwanza moto, wa pili si haba, kuanzia wa tatu waandishi wameishiwa. Kwamba tamthilia nyingi hushuka kadiri zinavyoendelea, hilo halina ubishi. Sababu inayotolewa ndiyo yenye walakini. Mara nyingi mkono ulioandika msimu mzuri ndio huohuo ulioandika mbovu, na kipaji hakiyeyuki ndani ya mwaka mmoja. Anayetaka kujua kwa nini msimu fulani umeyumba aulize kwanza mambo mawili: hadithi ilisimama juu ya swali gani, na kituo cha televisheni kiliagiza sehemu ngapi.

Mfano ulio karibu na wengi wetu ni Prison Break, iliyozunguka mitaani kwa DVD na flashi kuliko ilivyotazamwa kwenye vituo. Swali lake limo ndani ya jina: watatoroka au hawatatoroka? Michael Scofield, mhandisi wa majengo, anavamia benki makusudi ili afungwe Fox River, gereza ambamo kaka yake Lincoln anasubiri kuuawa kwa kiti cha umeme. Ramani ya gereza ameichora mwilini, imefichwa ndani ya tatuu. Swali la namna hii lina nguvu kwa sababu mtazamaji hulishika dakika za mwanzo tu. Lina hatari pia, kwa kuwa siku litakapojibiwa halitaulizwa tena.

Watu wa kituo cha Fox waliiona hatari hiyo mapema. Mtunzi Paul Scheuring alipowapelekea wazo lake mara ya kwanza walilikataa, wakihofia kwamba halitabeba tamthilia ndefu. Walibadili msimamo baada ya tamthilia za Lost na 24 kuthibitisha kwamba watu wako radhi kufuata hadithi moja wiki baada ya wiki. Prison Break ikaanza Agosti 2005 kwa oda ya sehemu 13. Watazamaji walipokuwa wengi zikaongezwa 9, zikawa 22. Nyongeza hiyo haikuudhi mtu. Sehemu ya 13 inaishia pale wafungwa wanapofika chini ya zahanati ya gereza na kukuta bomba walilolitegemea limebadilishwa, limewekwa jipya lisilopenyeka. Inabidi warudi selo wapange upya. Hadithi imerefushwa, lakini imerefushwa kwa kitu kilichokuwa ndani ya swali tangu mwanzo, maana mpango wa kutoroka huwa na uwezekano wa kukwama.

Msimu wa pili nao ulikuwa na haki ya kuwepo. Wametoka, je, watakamatwa? Hilo ni swali lililozaliwa na lile la kwanza, na kuja kwa Alexander Mahone, mpelelezi anayeweza kusoma mawazo ya Scofield hatua kwa hatua, kulilipa uzito. Baada ya hapo akiba iliisha. Msimu wa tatu ulimrudisha Scofield kifungoni, safari hii gereza la Sona huko Panama. Wa nne uliwageuza watoro kuwa wezi wa siri za kampuni ya mafisadi. Sara Tancredi, ambaye tuliambiwa amekatwa kichwa na sanduku tukaonyeshwa, akarudi akiwa hai. Scofield akafa mwaka 2009, kisha mwaka 2017 akaonekana mzima katika jela ya Yemen.

Watazamaji wa kwetu wana msemo kwamba steringi hafi, na husemwa kwa utani. Katika hadithi ya hatari, hata hivyo, hofu ndiyo mtaji. Kifo kikishafutwa mara mbili, mtazamaji huacha kuogopa, na kila bunduki inayoelekezwa baada ya hapo inakuwa pambo.

Wapo wanaolaumu mgomo wa waandishi wa Marekani, uliodumu siku 100 kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Ni kweli uliumiza: msimu wa tatu wa Prison Break uliishia sehemu 13, na wa pili wa Heroes ukaishia 11. Lakini mgomo huohuo uliukata msimu wa kwanza wa Breaking Bad ukabaki na sehemu 7, na tamthilia ile ikaendelea kupanda hadi ilipomalizika mwaka 2013. Tofauti ni kwamba Breaking Bad iliuliza mtu mpole anaweza kuharibika kiasi gani, na swali hilo huzidi kuwa zito kila anapovuka mpaka mwingine. Kukatizwa hakukulimaliza.

Baada ya swali, kinachoamua ni biashara. Vituo vikubwa vya Marekani viliishi kwa matangazo, na kwa miaka mingi tamthilia yenye mafanikio ilitakiwa kujaza sehemu 22 hivi kati ya Septemba na Mei. Mwandishi hupata miaka kuliwaza wazo la msimu wa kwanza, kisha hupewa miezi kuandaa wa pili. Kinachopendwa hakiachwi kife, hata kama kimeshasema lake.

24 ilijaribu kukwepa mtego huu kwa kuanza siku mpya kila msimu, saa moja kwa kila sehemu. Mbinu hiyo iliifikisha kwenye tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2006, kwa msimu wa tano. Wa sita ukalipua bomu la nyuklia katika sehemu ya nne. Zikabaki sehemu 20 bila tishio kubwa kuliko lile lililokwisha kutokea, na shujaa wake, Jack Bauer, akakimbia siku nzima akifuata mambo madogo kuliko yaliyopita.

Lost walitafuta dawa nyingine. Msimu wa tatu ulipoanza kuzungukazunguka, hata sehemu moja ikatumika kueleza tatuu za mhusika wao mkuu, aitwaye Jack pia, watayarishaji waliafikiana na kituo cha ABC Mei 2007 kwamba tamthilia itafungwa 2010, zikiwa zimebaki sehemu 48. Watu bado wanabishana kuhusu mwisho wake, ila hadithi ilianza tena kutembea pindi waandishi walipojua wanaelekea wapi. The Wire ilibadili mahali pa kutazamia: mitaa ya Baltimore, kisha bandari, siasa, shule, na mwishowe gazeti. Jiji ni pana, swali halikuchakaa.

Na ugonjwa wa pili upo, wa kukatisha mapema. Game of Thrones ilikuwa na sehemu 10 kwa msimu hadi wa sita. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Vitabu vya George R. R. Martin vilikuwa vimeshapitwa, na safari zilizochukua msimu mzima hapo awali sasa zilimalizika ndani ya sehemu moja. Hapo sehemu zilikuwa chache kuliko hadithi ilivyohitaji, na matokeo yakawa kilio kilekile.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi watazamaji. Tamthilia hizi zilitengenezwa kwa mtu anayesubiri wiki nzima, ndiyo maana zinarudia maelezo na kukata penye utamu. Anayemeza msimu mzima kwa usiku mbili huziona mbinu hizo zikiwa zimepangana, na msimu wa wastani humwonekea mbaya kuliko ulivyo.

Bado, nikiulizwa kuhusu Prison Break, ushauri wangu ni kutazama misimu miwili na kuishia hapo. Waliobaki kuandika misimu mingine walikuwa na ufundi wao. Walichokosa ni swali, na hakuna oda ya kituo inayoweza kulinunua.