Mchezo Ulionunuliwa ni Mali ya Nani?

Wako watu wazima wengi ambao huidharau michezo ya video na kuihesabu kuwa upuuzi wa watoto. Sisi hatumo katika kundi hilo. Tumeicheza michezo hii tangu zama za kaseti, na hata leo, kazi ikiisha, hatuoni haya kushika pedi. Lakini hatukukusudia kujitetea. Twaandika kwa sababu katika biashara hii limezuka jambo linalomhusu kila mtu anunuaye kitu kwa jasho lake, awe mchezaji au asiwe: mtu hulipa bei kamili, kisha huambiwa kwamba alichokinunua si chake.

Kabla ya kulieleza jambo hilo, yafaa tuseme wazi ni mashine ipi tuionayo sisi kuwa nzuri. Makampuni hupenda kushindana kwa nguvu: picha kali zaidi, kasi kubwa zaidi, chipu mpya zaidi. Historia haiyaungi mkono majigambo hayo. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, mashine ndogo ya mkononi ambayo kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Washindani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, zilikuwa na rangi za kupendeza, lakini zilimaliza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia betri nne na kudumu muda mrefu zaidi. Pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 118. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyehusika sana na mashine hiyo, aliamini kwamba ni heri kutumia kwa akili vifaa vya zamani vilivyokwisha kuzoeleka kuliko kukimbilia vipya vilivyo ghali. Kwa mtu wa mshahara mdogo, hiyo ndiyo hekima.

Jambo la pili tulitazamalo ni kama mchezo washikika mkononi. Kwa hilo wachezaji wote wanalo deni kwa Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani Mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940. Yeye ndiye aliyewaongoza wahandisi wa kampuni ya Fairchild waliotoa mwaka 1976 mashine ya Channel F, ambayo ilikuwa ya kwanza kutumia kaseti za kubadilisha zenye programu ya mchezo ndani yake. Kabla ya hapo michezo ilifungwa humo humo katika mashine, na aliyeichoka hakuwa na la kufanya.

Kaseti ile, na baadaye diski, ilileta haki ambayo kila mtu aliielewa bila kufundishwa. Aliyenunua aliweza kumwazima jirani. Aliyechoka aliweza kuuza na kupata fedha za kununulia mwingine. Mzazi aliweza kumwachia mwanawe. Na ni kwa njia hiyo hasa michezo hii ilitufikia sisi wa Afrika Mashariki. Wengi wetu hatukuinunua katika maduka ya vioo. Tuliipata kwa njia ya mitumba, mashine ikiwa imekwisha kuchezwa ng'ambo na mtu mwingine. Katika vibanda vya mitaani, mashine moja iliuhudumia mtaa mzima, watoto wakilipa sarafu kwa mechi moja ya kandanda. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, iliendelea kuwapatia riziki wenye vibanda miaka mingi baada ya matajiri kuitupa.

Haki hiyo ndiyo inayoondolewa sasa, na haiondolewi kwa siku moja. Mwezi Mei 2013 kampuni ya Microsoft ilitangaza mashine yake ya Xbox One, ikaeleza kwamba itapaswa kuunganishwa na intaneti kila baada ya saa 24, na kwamba kuazimana na kuuziana diski kutawekewa masharti. Wachezaji wa nchi mbalimbali walipiga kelele kwa sauti moja. Tarehe 19 Juni mwaka ule ule, kabla mashine haijafika sokoni, kampuni iliyafuta masharti hayo. Huo ulikuwa ushindi, na wafaa kukumbukwa.

Lakini mlango uliofungwa mbele umefunguliwa nyuma. Mwaka 2020 PlayStation 5 ilitoka kwa namna mbili, na moja haikuwa na tundu la diski kabisa. Mwezi Machi 2023 Nintendo ilifunga duka lake la intaneti la mashine za Wii U na 3DS, na tangu hapo hakuna awezaye kununua mchezo mpya humo. Ilipotoa Switch 2 mwezi Juni 2025, baadhi ya kadi zake ziliuzwa bila mchezo ndani yake. Kilichomo ni ufunguo tu wa kuuteremsha mchezo kutoka katika intaneti. Mwenye kibanda aliye mahali ambapo intaneti ni ghali na hukatika mara kwa mara atajua mwenyewe maana ya ufunguo wa namna hiyo.

Kisa kilichotuchukiza kuliko vyote ni cha The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva zake. Kwa kuwa mchezo ule haukuweza kufunguka bila seva, hata mtu aliyependa kucheza peke yake hakuweza tena. Diski ilibaki kabatini, nzima, isiyo na mkwaruzo, wala haikuwa na faida yoyote. Mtu akiuziwa baiskeli, kisha baada ya miaka 10 muuzaji akaja usiku na kuondoa magurudumu, sisi sote twalijua jina la tendo hilo.

Makampuni yana majibu yao, na si haki kuyaficha. Husema kwamba seva zagharimu fedha kila mwezi, hata wachezaji wakiwa wachache. Husema pia kwamba diski hunakiliwa kwa wizi, na hatuwezi kukana kwamba diski nyingi za vibandani kwetu zilikuwa za kunakiliwa. Hoja hizo zina uzito, lakini hazifiki mwisho wa safari. Hatumwombi mtu alipie seva milele. Twaomba kwamba siku ya kuifunga aache njia ya kuufungua mchezo bila hiyo seva. Na wizi wa mtu mmoja hauwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya mali yake mwingine aliyelipa.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mkono unaombana mnunuzi ndio huo huo unaombana muundaji. Alexey Pajitnov, aliyebuni Tetris mjini Moscow mwaka 1984, hakuanza kupata malipo ya haki za mchezo wake mpaka mwaka 1996, baada ya dunia nzima kuucheza. Microsoft iliinunua Activision Blizzard mwezi Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Mwezi Januari uliofuata watu 1,900 wa idara zake za michezo waliambiwa hawana kazi. Lakini wafanyakazi nao hawakulala. Mwezi Mei 2022 wakaguzi wa michezo wa Raven Software walipiga kura ya kuunda chama chao. Waigizaji wa Marekani wanaotoa sauti katika michezo waligoma mwezi Julai 2024, na mwaka 2025 walipata mkataba wenye masharti ya kuwalinda dhidi ya sauti zao kuigwa na kompyuta bila ridhaa yao.

Wanunuzi nao wameanza kuamka. Katika jimbo la California sheria iliyotiwa saini mwezi Septemba 2024 yamtaka muuzaji wa michezo ya intaneti aseme wazi kama anauza leseni tu. Katika Ulaya ombi la kuitaka Tume ya Umoja wa Ulaya izuie kuuawa kwa michezo iliyouzwa lilipita sahihi milioni moja mwezi Julai 2025. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu za kumlinda mlaji. Kwa maoni yetu umefika wakati wa kuuliza kama ulinzi huo wafika katika bidhaa zisizoshikika, maana leo ni michezo, kesho ni vitabu, muziki, na hata mitambo ya mkulima.

Ndugu wafanyakazi, bei nazo hazishuki kama zamani. Mwezi Agosti 2025, karibu miaka mitano baada ya PlayStation 5 kutoka, Sony iliipandisha bei Marekani kwa dola 50. Anayetoa mshahara wa miezi kadhaa kununua mashine hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua mfuko wake. Je, ina tundu la diski? Je, mchezo huu wafunguka bila intaneti? Je, nikiuchoka naweza kumuuzia mwenzangu? Muuzaji akishindwa kujibu, fedha na zirudi mfukoni. Mwaka 2013 kampuni kubwa ilirudi nyuma katika muda wa wiki chache tu, kwa sababu waliokuwa na fedha mikononi walikataa kwa pamoja. Nguvu hiyo bado tunayo.