Fitri Itoke Kabla ya Swala ya Idd

Umefunga Ramadhani nzima, watoto wana nguo mpya na nyama ya pilau imenunuliwa. Je, msomaji, zakatul-fitri umeitoa? Baadhi yetu mijini huikumbuka tukitoka kuswali Idd, na hapo huhesabiwa sadaka ya kawaida tu.

Kipimo ni pishi moja, yaani vibaba 4, karibu kilo 2 na nusu za chakula kinacholiwa sana mahali ulipo. Kwetu ni mchele au unga wa mahindi. Baba humtolea kila anayelazimika kumlisha, hata mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho wa Ramadhani kutua. Nyumba ya watu 6, basi, ni kilo 15.

Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, hutoa chakula chenyewe. Mahanafi huruhusu pesa. (Msigombane na jirani kwa hilo!)

Fitri humsafisha aliyefunga na kumwepusha maskini na kuomba siku ya Idd. Kwa Mashafi yafaa kutolewa tangu Ramadhani iingie, kwa hiyo usingoje usiku wa mwisho. Mchele ukifika mapema, mama asiyejiweza naye atapika asubuhi hiyo. Ukifika adhuhuri, wanawe wameshashinda wakinusa pilau ya majirani.