Ukusanyaji wa Sahihi (Sehemu ya Pili): Mkono wa Meya La Guardia

Jumatatu ya Oktoba 29, 1945, maelfu ya watu walifurika kwenye duka la Gimbels jijini New York kununua kalamu ya aina mpya. Haikuwa na nibu. Nchani ilikuwa na kigololi kinachozunguka na kuacha wino kila kinapopita. Bei yake ilikuwa dola 12.50, fedha nzito kwa kalamu moja wakati huo, na hata hivyo watu walizigombea. Ndiyo iliyozitangulia peni hizi tunazonunua leo kwa sarafu. Meya wa jiji siku hiyo alikuwa Fiorello La Guardia, na alikuwa amebakiza miezi miwili tu ya kukaa ofisini.

Kwa mkusanyaji, tarehe hiyo ni silaha. Mtu akikuletea barua ya mwaka 1938 yenye sahihi ya La Guardia, itazame kwa lenzi. Kalamu ya nibu huacha mstari unaonenepa na kukonda kadiri mkono unavyokandamiza na kulegea, na wino wake wa maji hunywewa na karatasi. Peni ya gololi huacha mstari wa unene mmoja, hukwaruza kijifereji, na penye kona huacha vitone vya wino mzito. Ukiona vitone hivyo kwenye barua ya 1938, usijisumbue kuuliza bei.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu sahihi za marais, na wasomaji kadhaa waliona kwamba mchezo huo ni wa matajiri. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ndiyo maana leo nashuka ngazi moja, niende kwa meya wa jiji kubwa. Meya ni mtu wa makaratasi. Anatia sahihi barua za shukrani, barua za kukataa mwaliko, vyeti, matangazo, picha za wageni. Aliyekaa madarakani miaka mingi huacha sahihi nyingi kuliko wanavyohitaji wakusanyaji, na bei hubaki ndani ya uwezo wa mwalimu au karani anayejibana. Ila wingi huo huo una shida yake: si kila karatasi yenye jina la meya iliguswa na meya.

La Guardia ni darasa zuri kwa sababu maisha yake yalipita katika ofisi nyingi, na kila ofisi iliacha aina yake ya karatasi. Alizaliwa New York mwaka 1882, baba Mwitaliano aliyeongoza bendi ya jeshi la Marekani, mama Myahudi kutoka Trieste, akakulia Arizona. Akiwa kijana alifanya kazi katika ofisi za ubalozi mdogo wa Marekani huko Budapest na Fiume. Aliporudi akawa mkalimani Ellis Island, kituo walikopokelewa wahamiaji, huku akisoma sheria usiku. Mwaka 1916 alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani; vita ilipopamba moto akaenda kurusha ndege upande wa Italia, kisha akarudi bungeni. Sheria ya kazi ya 1932 inayoitwa Norris–La Guardia, iliyowabana waajiri waliokuwa wakikimbilia mahakamani kuzima migomo, ina jina lake. Mwaka 1929 aligombea umeya akashindwa vibaya na Jimmy Walker. Mwaka 1933 akashinda, akaapishwa Januari 1, 1934, na hakutoka mpaka mwisho wa 1945. Alifariki Septemba 1947.

Wenyeji walimpenda, au walimchukia, kwa vituko. Alipigwa picha akishika nyundo kubwa na kuvunja mashine za kamari zilizokamatwa na polisi. Desemba 1935 alikwenda alfajiri kwenye soko la jumla la Bronx, akapanda juu ya gari, tarumbeta zikapigwa, kisha akasoma tangazo la kupiga marufuku uuzaji wa artichoki. Ni mboga wanayoipenda Waitaliano, na biashara yake ilikuwa imekamatwa na genge la Ciro Terranova. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, bei ikiwa imeshuka. Julai 1945, wasambazaji wa magazeti walipogoma, alikaa mbele ya kipaza sauti cha redio ya jiji, WNYC, akawasomea watoto hadithi za katuni, akiigiza sauti na kueleza kila picha.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo yanayopandisha bei. Sahihi tupu ya La Guardia iliyokatwa kutoka kwenye barua ni kitu cha kawaida sana, na kuikata ni dhambi ambayo wakusanyaji wa zamani waliifanya bila haya: walitupa barua wakabaki na jina. Barua nzima ya kumshukuru mtu kwa salamu za Krismasi ina bei ya wastani. Lakini barua inayogusa soko, kamari, kiwanja cha ndege au mgomo wa magazeti ni kitu kingine kabisa, hata kama sahihi iliyo chini yake ni ile ile. Katika kazi hii unanunua aya za juu zaidi kuliko jina la chini. Asiyelielewa hili atajaza albamu na kubaki maskini.

Kiwanja cha ndege chenyewe kina kisa chake. Mwaka 1934 ndege aliyopanda ilitua Newark, jimbo jirani la New Jersey, kilikokuwa kituo cha ndege zote za abiria waendao New York. Meya akagoma kushuka: tiketi yangu imeandikwa New York. Ikabidi apelekwe kwa ndege hadi Brooklyn. Miaka mitano baadaye jiji lilizindua kiwanja chake pwani ya Queens, na ndicho kinachobeba jina lake mpaka leo. Bahasha za kumbukumbu zilizopigwa mhuri wa posta siku za uzinduzi, mwaka 1939, hutafutwa na makundi mawili, wakusanyaji wa stempu na wakusanyaji wa sahihi, na penye wanunuzi wa aina mbili ndipo waghushi hupiga kambi. Bahasha halisi isiyo na sahihi ni rahisi kuipata. Kinachobaki ni mtu kuongeza jina juu yake miaka sabini baadaye. Mhuri wa kweli si ushahidi wa sahihi ya kweli.

Mtego unaonasa wageni wengi hauna hata mghushi. Wabunge wa Marekani hutuma barua za kazi bila kulipa stempu. Pembeni ya bahasha, mahali pa stempu, huwekwa sahihi ya mbunge. Zamani za kina Washington na Jefferson sahihi hiyo iliandikwa kwa mkono. Enzi za La Guardia bungeni ilikuwa imechapwa na mashine, pamoja na maneno mengine ya bahasha. Watu wanaiona, inafanana na mkono wa mtu, wananunua. Ilaze bahasha ubavuni mwa taa: wino wa chapa umelala sawa mahali pote, haukolei pale mstari unapojikata wenyewe. Mkono wa mtu hukoleza.

Baada ya chapa, linganisha na ofisi. Barua za mbunge wa mwaka 1925 haziwezi kuwa kipimo cha sahihi ya meya wa 1942. Mkono wa mtu hubadilika, hasa mkono uliochoka. Tafuta mifano ya mwaka ule ule na ofisi ile ile. Kumbuka pia kwamba kuanzia Mei 1941 hadi mwanzoni mwa 1942 alikuwa na ofisi mbili kwa wakati mmoja: umeya, na uongozi wa idara ya serikali kuu iliyosimamia ulinzi wa raia wakati wa vita. Mtu mwenye mzigo huo huwaachia makatibu muhtasi barua nyingi. Sahihi iliyowekwa na katibu haikughushiwa, ilikuwa utaratibu wa ofisi, ila haina thamani ya mkono wa bwana wake. Dalili yake ni unadhifu. Katibu anaiga kwa uangalifu. Mwenye jina anakimbia.

Kisha isome anwani. Posta ya Marekani ilianza kugawa miji mikubwa katika kanda zenye namba mwezi Mei 1943, na eneo la ofisi ya meya likawa New York 7. Karatasi ya ofisi inayodai kuwa ya 1936 huku imechapwa "New York 7, N.Y." imejishitaki yenyewe. Na ukiona tarakimu tano, namba hizo hazikuwapo kabla ya 1963, wakati marehemu ana miaka mingi kaburini.

Kipimo cha nyumbani kabisa ni ile taa ya zambarau ambayo mawakala wa fedha hukagulia noti. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kuzidisha weupe, na chini ya taa hiyo hung'aa buluu kama shati jipya lililofuliwa. Karatasi ya miaka ya 1930 hubaki imefifia. Isipong'aa, usishangilie mapema, maana mghushi hodari hununua karatasi tupu za zamani. Ikiwaka, rudisha.

Watu huniuliza kuhusu picha zilizoandikwa "kwa fulani". Wanaoanza hawazipendi, eti zina jina la mtu wasiyemjua. Mimi ningechukua hiyo kwanza. Kughushi maneno mawili ni kazi ya jioni moja. Kughushi mstari mzima wa salamu, wenye herufi ishirini na zaidi za mwandiko wa mtu, ni kazi inayowashinda wengi.

Uthibitisho mzuri kuliko wote haumo kwenye karatasi uliyoshika. Barua ya meya ilipopigwa chapa, iliwekewa kaboni. Ya juu ilitiwa sahihi ikaenda kwa mwananchi, ya chini ikabaki katika jalada. Majalada ya La Guardia yapo, sehemu katika hifadhi ya nyaraka ya Jiji la New York, sehemu katika kituo cha nyaraka cha chuo kinachoitwa kwa jina lake huko Queens. Ukipata nakala ya kaboni inayolingana na barua yako neno kwa neno, umemaliza ubishi kuhusu barua, umebaki na sahihi tu. Ila hapo hapo pana onyo. Barua zilizoandikwa KWA meya, zenye mhuri wa kupokelewa ofisini kwake, mahali pake ni ndani ya majalada hayo. Ikiwa imefika sokoni, muuzaji aeleze ilitokaje. Akisitasita, achana naye hata kama ni rafiki. Kibaya chajitembeza.

Jimmy Walker, aliyemshinda La Guardia mwaka 1929, ana wateja wake pia. Alikuwa mpenda suti na majumba ya starehe, na kabla ya siasa alitunga maneno ya wimbo uliovuma mwaka 1905, kwa hiyo karatasi za muziki huo zenye sahihi yake huwavuta hata wasiojali siasa. Alijiuzulu Septemba 1932 katikati ya uchunguzi wa rushwa, akaenda Ulaya. Nyaraka zake za wiki zile za mwisho ni tamu kuliko zote, na ni chache.

Mtu atauliza tuna nini sisi na mameya wa Marekani. Tunayo elimu ya kazi hii, na inafaa hapa hapa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alikuwa mshairi na mwandishi wa barua. Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Nairobi. Karatasi zenye mikono yao hazipigiwi mnada popote kwa kelele, na nyingine huenda zimo ndani ya masanduku ya bati, chini ya vyeti vya ubatizo na hati za shamba.

Wiki ijayo tutazungumzia utunzaji: mwanga, mchwa, unyevu wa pwani na bahasha za plastiki zinazokula wino. Kabla ya hapo nina ombi moja. Ukiikuta barua ya namna hiyo nyumbani kwa babu, iache katika bahasha yake, usiinyooshe kwa pasi, wala usiipeleke kwa kijana wa steshenari akailamineti. Ikishapita kwenye ile mashine ya moto, hakuna mtaalamu wa kuirudisha.