Kabla Utoe Ganji ya Taa ya Bluu

Kale kadude ka TikTok ka kung'arisha meno na taa ya bluu, kenye dem anauma na waya imechomekwa kwa simu, kameanza kutufikia huku Lodwar. Msee anaagiza Kanairo, inarushwa kwa buti ya basi, inapita Kitale, inashuka jangwa mchana wote, halafu anaichukua steji ikiwa ishaiva na jua. Shida ni hii: kinachofanya meno kuwa white si taa. Ni jeli, na ndani ya jeli ni peroksaidi. Peroksaidi na joto haziivani kabisa. Ikikaa kwa joto inavunjika, inageuka maji na oksijeni. So unaweza kuwa umeuziwa maji na tochi.

Kwa daktari wa meno ni stori ingine. Anafunika fizi kwanza isiungue, anapaka jeli kali ya asilimia 25 hadi 40, anawasha lampi, anangoja kama dakika 15, anafuta, anarudia. Lakini hata hapo, watafiti walishalinganisha jeli yenye taa na jeli bila taa, na wiki kadhaa baadaye tofauti inakuwanga kidogo ama hakuna. Ule weupe unakubamba ukishuka kwa kiti, sehemu yake ni meno kukauka tu. Zikirudisha maji, rangi inashuka. Na kuna kudungwa: ukigusa soda baridi unaweza ruka. Na Lodwar hii, nani hanywi baridi?

Sasa sisi huku, wengi wetu wenye meno za kahawia, hiyo si uchafu. Ni floraidi ya kwa maji. WHO inasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima mob vya Bonde la Ufa vimepita hapo, na Ziwa Turkana limepita mbali. Mtoto akikunywa hiyo maji kabla ya kufika kama miaka 8, wakati meno za ukubwani bado zinajengwa ndani ya fizi, gamba linaharibikia huko huko. Zinatoka tayari na mabaka, za chaki ama za kahawia. Esekon ni mswaki fiti, inatoa uchafu, lakini hii si uchafu. Jeli nayo inaweza fifisha kahawia kiasi, ama iwache mabaka ya chaki yakionekana zaidi. Kazi ya kusaidia ni daktari kukwangua kasafu kembamba juu, ama kubandika kompositi. Kabla ufungue mdomo, cheki jina lake kwa rejista ya KMPDC, baraza la madaktari. Si kila mwenye glavu ni daktari.

Binafsi, kahawia hainisumbui. Wazee wetu waling'oanga meno za chini mbele makusudi, na hiyo ndio ilikuwa luku. Mtu akitaka kung'arisha, sawa, ni mdomo wake.

Lakini kama kwenu kuna kasiste hakajafika miaka 8, hiyo ganji ianzie kwa maji yake. Kuchemsha hakutoi floraidi. Maji ikipungua kwa sufuria inazidi kuwa kali. Nakuru wanachuja na mkaa wa mifupa, na maji ya mvua huwa karibu haina. Nendeni ofisi ya maji muulize kisima chenu kilipimwa floraidi lini, na majibu yako wapi.