Aliyechagua Njia, na Waliokuwa Nyumbani

Mama msomaji, bila shaka umewahi kuhudhuria sherehe ya kumuaga mstaafu, au ya vijana wanaomaliza chuo, ukamsikia mgeni rasmi akisema: “Msiogope kushika njia isiyofuatwa na wengi.” Watu hupiga makofi. Sisi pia tumepiga. Lakini tukisharudi nyumbani, mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo, swali hutujia: huyo mshika njia yake mwenyewe, chakula cha jioni alikuwa akipikiwa na nani?

Wimbo uliolieneza sana wazo hilo ni ule uitwao My Way, yaani “Njia Yangu”. Maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Paul Anka, mzaliwa wa Kanada, naye Frank Sinatra akaurekodi mwishoni mwa 1968. Ukatoka mwaka 1969. Anayeimba ni mtu mzima anayeyatazama maisha yake na kujivunia kwamba mambo yote aliyafanya kwa namna aliyoitaka yeye. Huko Uingereza umekuwa miongoni mwa nyimbo zinazoombwa sana mazikoni.

Muziki wake, hata hivyo, ulitoka Ufaransa. Mwaka 1967 Claude François aliuimba kwa maneno mengine kabisa, akauita Comme d’habitude, maana yake “Kama Kawaida”. Humo hamna shujaa. Mna watu wawili wanaoishi nyumba moja na mapenzi yao yamepoa. Mwanamume anaamka, anamfunika mwenzake aliyelala, anakunywa kahawa peke yake, anatoka. Usiku watajifanya kupendana, kama kawaida. Basi sauti ile ile iliyobeba huzuni ya ndoa iliyochoka imegeuzwa kuwa majigambo ya mtu mmoja. Sisi tunaona wimbo wa kwanza unawafaa zaidi wake na waume, ijapokuwa hauchezwi kwenye sherehe.

Shairi nalo lina historia yake. Robert Frost na Elinor White walisoma pamoja sekondari huko Lawrence, Massachusetts, wakamaliza mwaka 1892 wakiwa wamelingana kwa kuongoza darasa. Tuliangalie hilo kwa makini: walilingana. Walioana 1895. Mtoto wao wa kwanza, Elliott, alifariki mwaka 1900 akiwa na miaka 3, na mwaka ule ule wakahamia kwenye shamba huko Derry, New Hampshire, ambako Frost alifuga kuku na kuandika usiku. Mwaka 1907 walizika tena mtoto mchanga. Elinor aliwafundisha wanne waliobaki kusoma, pale pale nyumbani.

Mwaka 1912 Frost, mwenye miaka 38 na asiye na kitabu hata kimoja, aliacha ualimu. Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Inasimuliwa kwamba walirusha sarafu kuamua waende Uingereza au Vancouver, na kwamba Elinor alitamani kukaa chini ya paa la nyasi. (Wale miongoni mwetu tuliolelewa chini ya makuti yanayovuja tunaruhusiwa kutabasamu.) Wakapanda meli pamoja na watoto. Kitabu cha kwanza kilitoka 1913, cha pili 1914. Baadaye Frost alipata tuzo ya Pulitzer mara 4. Elinor alifariki 1938.

Je, alilazimishwa? Hatuthubutu kusema hivyo. Yaelekea alikuwa na imani na kipaji cha mumewe kabla ya wachapishaji. Lakini ile njia walipita watu sita, na mmoja tu ndiye anayetajwa kwenye hotuba.

Huko Gloucestershire Frost alifanya urafiki na Edward Thomas, mwandishi aliyechoka kwa kuandika vitabu vya kulipiwa ili alishe watoto watatu. Frost alimhimiza aandike mashairi. Walizoea kutembea mashambani, na Thomas alikuwa na tabia ya kujuta: wakipita huku, angesikitika kwamba hawakupita kule. Frost aliporudi Marekani mwaka 1915 alimtania kwa shairi, The Road Not Taken. Ukilisoma pole pole utaona kwamba njia mbili zile zimekanyagwa karibu sawasawa. Ni msafiri mwenyewe anayetabiri kwamba uzeeni atadai alishika ile yenye nyayo chache. Ulikuwa mzaha wa rafiki kwa rafiki, nao wasomaji wakaugeuza kuwa amri.

Hata Thomas hakuutambua mzaha huo. Wakati huo alikuwa na njia mbili za kweli mbele yake: kumfuata Frost Marekani pamoja na jamaa yake, au kwenda vitani, ijapokuwa kwa umri wake wa miaka 37 na ndoa yake hakuna aliyemlazimisha. Mwezi Julai 1915 alijiandikisha jeshini. Alikufa Arras, Ufaransa, tarehe 9 Aprili 1917, siku iliyofuata Jumapili ya Pasaka, akiwa ameandika mashairi zaidi ya 140 katika muda wa miaka miwili na kitu.

Mkewe, Helen, aliugua sana moyoni baada ya msiba huo. Alianza kuandika habari za maisha yao kama njia ya kupona. Cha kwanza kilitoka 1926, cha pili 1931. Katika hicho cha pili anasimulia asubuhi ya mwisho, mwezi Januari 1917. Kulikuwa na theluji na ukungu mzito. Edward aliteremka kilima akipaza sauti kumwita, naye Helen akiitikia kutoka mlangoni, akaita tena na tena, mpaka kule chini pakawa kimya.