Usiondoke na "labda": kutafuta mtoto ukiambiwa huenda una PCOS

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, na huu ni mwaka wa pili mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Stashahada ya uuguzi niliisomea Tanga, nikafanya kazi hospitali ya wilaya, kisha nikaja Uingereza kusoma digrii na nikabaki kufanya kazi huku. Dada zangu wa hapa, tukikutana kwenye harusi au msibani, huniita pembeni kuniuliza habari za PCOS, kwa kuwa kila familia ina mtu aliyeambiwa anayo. Nimeona bora niandike, maana jambo lenyewe limo nyumbani kwangu.

Nilipokwenda kwa daktari wa familia, hedhi yangu ilikuwa imekuja baada ya siku 41, kisha 56, kisha 47. Alitazama tarehe, akatazama uzito wangu, akasema: "Labda ni PCOS. Punguza uzito kwanza, halafu tutaona." Nikatoka na hiyo labda.

Labda ya daktari ikisafiri hadi nyumbani hugeuka. Ikifika kwa shangazi inakuwa "homoni zimevurugika". Ikifika kwa jirani inakuwa "kizazi kimechafuka", na hapo chupa za kusafisha kizazi zinaanza kutumwa picha zake kwenye simu yako. Ikifika kwa mama mkwe inakuwa "hawezi kuzaa". Yote hayo hutokea kabla hujapimwa hata damu.

Hicho kinachoitwa PCOS

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika juu ya wanawake 7 waliokuwa na hedhi za kurukaruka na ovari zilizojaa vifuko vidogo. Jina la PCOS limetokana na vifuko hivyo, na limewatisha watu wengi bure. Si uvimbe wa kukatwa. Ni vijumba vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani, yai lisipevuke na kutoka. Mara nyingi mwili unakuwa hauitikii insulini vizuri, kongosho linatoa nyingi zaidi, na insulini hiyo nyingi inazisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Wembamba pia wanaipata.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 10 hivi mwenye umri wa kuzaa ana hali hii, na wengi wao hawajui. PCOS ni sababu kubwa ya mayai kutopevuka, lakini kutopevuka kila mwezi si kutopevuka kabisa. Wengi wenye PCOS hupata watoto, baadhi bila dawa yoyote.

Mawili kati ya matatu

Kwa mwanamke mtu mzima, madaktari hutafuta mambo matatu, na yakipatikana mawili ndipo jina linatolewa. La kwanza ni hedhi isiyo na mpangilio: inayopitiliza siku 35, inayokuja kabla ya siku 21, au isiyofika mara 8 kwa mwaka. La pili ni homoni za kiume kuzidi, ama kwenye damu ama kwa kuonekana: chunusi nzito, nywele kupungua utosini, ndevu kidevuni. Hapa sisi tuwe macho, kwa sababu kwetu mwanamke mwenye vinyweleo husifiwa, na daktari asipouliza, hatusemi. La tatu ni ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi, au homoni ya AMH kuwa juu kwenye damu, kipimo ambacho mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 ulikiruhusu kwa watu wazima.

Ukiwa na la kwanza na la pili, altrasaundi si lazima. Na vifuko peke yake, kwa mtu ambaye hedhi yake ni nzuri na homoni zake ni sawa, havitoshi kumpa mtu jina hilo.

Kuna kazi nyingine kabla ya hapo, nayo ni kuondoa magonjwa yanayofanana. Tezi ya thairoidi ikilegea, hedhi huvurugika. Homoni ya prolaktini ikipanda, hedhi husimama. Kwa hiyo nilirudi kwa daktari na karatasi ya tarehe za miezi 9, nikasema: "Naomba tupime thairoidi, prolaktini, testosteroni na sukari, kisha altrasaundi." Sikugombana naye. Karatasi ilinisaidia kuliko maneno. Majibu yalipokuja, thairoidi na prolaktini zilikuwa sawa, testosteroni sawa, altrasaundi ikaonyesha vifuko vingi. Hedhi mbovu na vifuko: mawili kati ya matatu. Labda ikaisha, na ajabu ni kwamba usiku ule nililala vizuri.

Mume naye apimwe

Hili ndilo naliandika kwa herufi kubwa moyoni. Mke kuwa na PCOS hakumpi mume cheti cha afya. Kipimo cha mbegu ni cha siku moja, hakina sindano, na kinahitaji tu akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu kabla yake. Mwanamke anaweza kumeza dawa mwaka mzima kumbe tatizo lina pande mbili.

Mume wangu hakukataa, ila alichelewesha. Wiki hii ana zamu, wiki ijayo gari bovu. Sikumsukuma. Nilimwonyesha orodha ya vipimo vyangu, sindano ngapi nimechomwa, nikanyamaza. Akaenda. Majibu yakaonyesha mbegu zake zinakwenda polepole kidogo. Akaambiwa aache sigara na arudie baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua karibu muda huo kutengenezwa. Aliporudia, kipimo kilikuwa cha kawaida.

Kati ya vipimo hivyo viwili mama yake alipiga simu. Alizungumza naye faraghani, lakini nyumba zetu za huku zinajulikana, ukuta ni kama karatasi. Mama alikuwa amemtajia binti wa jirani. Mume wangu akajibu: "Mama, tunatibiwa sote wawili. Mimi pia nimeandikiwa." Kukawa kimya muda mrefu. Tangu siku hiyo Mama akipiga simu huniuliza, "Mwanangu, mnaendeleaje?" Mnaendeleaje, si unaendeleaje.

Siku za kupevuka

Kalenda ya siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 45 akiifuata atakuwa anakosea kila mwezi. Vijiti vya mkojo vya dukani navyo vinaweza kudanganya, kwa sababu kwa baadhi yetu homoni ya LH iko juu muda wote na kijiti kinasema ndiyo kila siku. Dawa nyepesi ni kukutana kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima, bila saa ya ukutani.

Kipimo cha damu cha projesteroni, kinachoonyesha kama yai limetoka, huandikwa "siku ya 21". Hiyo nayo ni hesabu ya siku 28. Kwa mwenye mzunguko mrefu, damu ichukuliwe siku 7 hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa, na pengine irudiwe kila wiki hadi hedhi ije. Mwambie anayekuandikia urefu wa mzunguko wako.

Matibabu

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 tu huweza kurudisha upevukaji. Kwa kilo 80 hiyo ni kilo 4. Mimi sikuacha ugali. Niliupunguza ukawa robo ya sahani, robo nyingine dagaa au maharage, nusu iliyobaki mchicha na kabichi, na chai ya zamu ya usiku nikaitoa sukari. Uzito hata hivyo usiwe sababu ya mtu kunyimwa vipimo.

Dawa inayoanza siku hizi ni letrozoli, inayomezwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wenye wanawake 750 wa PCOS, ulionyesha waliotumia letrozoli walizaa asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni asilimia 19.1. Ukifungua karatasi ya ndani ya pakiti utasoma kuwa ni dawa ya saratani ya matiti. Usishtuke, ilianzia huko. Ila isinunuliwe kwa mtu wa mtaani: inahitaji kuhakikisha kwanza huna mimba, na altrasaundi ya kuona yamekua mayai mangapi. Metformini husaidia insulini, na daktari anaweza kuiongeza.

Asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, ianze kabla ya mimba. Mwenye kisukari au selimundu amuulize daktari dozi kubwa zaidi. Na hata asiyetafuta mtoto asikae miezi na miezi bila hedhi akifurahi. Ukuta wa mfuko wa uzazi ukinenepa muda mrefu bila kutoka, huongeza hatari ya saratani. Zikipita zaidi ya siku 90 bila hedhi, na huna mimba, mwone daktari.

Kwa wenye viza, na kwa wanafunzi

Hapa England, tangu Agosti 2017, ada ya afya tunayolipa pamoja na viza haijumuishi huduma za kusaidiwa kupata mimba, kama IVF. Uliza mapema, kabla ya rufaa, kipi utalipia na kipi hulipii. Hedhi ikiwa mbovu usisubiri mwaka mzima wa kujaribu ndipo uende.

Wadogo zangu wanafunzi, miaka 8 ya kwanza tangu uvunje ungo altrasaundi haitumiki kutafuta PCOS, kwa kuwa ovari za msichana zina vifuko vingi kwa kawaida. Na ambaye hajaolewa ana haki ya kukataa kipimo cha ukeni na kuomba cha juu ya tumbo. Wala usijidanganye kuwa PCOS ni kinga ya mimba. Yai linaweza kutoka mwezi usiotarajia.

Sisi tuko mzunguko wa tatu wa letrozoli. Mara mbili damu imeonyesha yai limetoka. Mtoto bado, na sijui kama atakuja. Ninachojua ni ugonjwa wangu unaitwaje, dawa yangu ni ipi, na daktari ameniandikia hatua inayofuata ikifika mzunguko wa sita. Kama wewe bado una labda, chukua karatasi, andika tarehe za hedhi zako, panga miadi, na mwambie mume aweke siku hiyo wazi.